Mvinyo wa sikukuu: Chupa ya bei nafuu imekamuliwa hapa hapa Dodoma

DODOMA. Jioni ya Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, katika duka moja la vinywaji hapa Kikuyu, mama mmoja amesimama mbele ya rafu ya mvinyo na karatasi ya matumizi mkononi. Mchele umeshanunuliwa. Mbuzi ameshalipiwa mnadani Msalato. Vitunguu, vitunguu saumu na viungo vya pilau vimo kikapuni. Umebaki mstari wa mwisho wa karatasi, vinywaji. Wageni ni kumi na wawili na fedha iliyosalia ni shilingi 60,000.

Rafu ya juu ina chupa za Afrika Kusini, Four Cousins, Robertson na jamaa zao, lebo zinang'aa. Ya katikati ina mvinyo wa viwanda vya Dodoma. Ya chini kabisa, karibu na sakafu, zimepangwa chupa za wajasiriamali wadogo, nyingine na lebo zilizochapwa stesheneri ya jirani. Mama anashika ya juu, anageuza, anasoma bei, anairudisha. Anainama kuitazama ya chini, anasita.

Kusita huko ndiko kulikoleta makala hii. Nyumba nyingi za Dodoma zinafika sikukuu na swali lilelile: mgeni apewe nini cha heshima bila mwenye nyumba kuingia Januari na deni? Mji wetu una jibu ambalo miji mingine ya Tanzania haina, kwa sababu mashamba ya mizabibu yako mwendo wa daladala. Lakini jibu hilo linataka macho. Ya hapa yapo mazuri na yapo ya kukuharibia meza.

Unafuu umeandikwa kwenye sheria

Wengi hudhani mvinyo wa Dodoma ni rahisi kwa sababu ni duni. Sababu kubwa iko kwenye ushuru wa bidhaa.

Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 uliwekewa ushuru wa shilingi 200 kwa lita. Mvinyo wenye zabibu za nje kwa zaidi ya asilimia 25 ukawekewa shilingi 2,349 kwa lita. Piga hesabu kwa chupa ya kawaida ya mililita 750: ya zabibu za nyumbani inalipa shilingi 150, ya zabibu za nje inalipa zaidi ya 1,760. Hapo hujaweka usafiri wa melini, bandari, lori la kutoka Dar es Salaam na faida ya kila mkono uliopitia.

Viwango hivi huguswa Bungeni mara kwa mara, lakini shabaha yake iko wazi. Serikali imekubali kukusanya kidogo kwenye chupa ya ndani ili zabibu ya mkulima wa Dodoma ipate mnunuzi. Kwa hiyo unapolipa pungufu kwa chupa ya hapa, tofauti ile ni msamaha uliotolewa kwa ajili ya shamba. Ndiyo maana inauma kuona msamaha huo ukiishia kwenye chupa ambayo ndani yake zabibu ni ya kutafuta.

> Chupa ya zabibu za nyumbani: ushuru wa shilingi 150. Chupa ya zabibu za nje: zaidi ya shilingi 1,760. (Kwa viwango vya 2017/18)

Kutoka Bihawana

Mizabibu ililetwa Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1950 na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, waliopanda Bihawana wakitaka divai ya misa. Waligundua jambo ambalo wataalamu wamelithibitisha baadaye: uwanda huu wa kati, wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, mvua ya msimu mmoja na hewa kavu sehemu kubwa ya mwaka, unaufaa mzabibu. Unyevu unapokuwa mdogo, ubwiri vinyoya, ugonjwa unaoumiza mizabibu kwenye nchi za mvua nyingi, hupata nafasi finyu zaidi.

Hapa pia mzabibu haulali kwa baridi. Mkulima akikata matawi na kumwagilia kwa mpango, anavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Kule Cape, Afrika Kusini, zinakotoka chupa za rafu ya juu, mavuno ni mara moja tu.

Baada ya Uhuru zao lilitoka kwenye mashamba ya misheni likaingia kwenye Gereza la Isanga na vijijini. Kituo cha utafiti cha Makutupora, kaskazini mwa jiji katika barabara ya Arusha, ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kikawa makao ya utaalamu wa zabibu nchini. Aina ya zabibu nyekundu inayolimwa kwa wingi mkoani imebeba jina la mahali hapo, Makutupora Nyekundu. Nyeupe inayotamba ni Chenin Blanc, aina yenye asili ya Ufaransa.

Kampuni ya umma, DOWICO, ilikuwa mnunuzi mkubwa wa zabibu katika miaka ya 1980. Ilipoyumba na hatimaye kusimama, wakulima walibaki na zabibu shambani bila mtu wa kumuuzia, na wako waliong'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama na uwele. Uhai ulirejea taratibu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya mvinyo ya CETAWICO ilipojenga kiwanda Hombolo, na viwanda vingine vikafuata. Mvinyo wenye jina la Dodoma, unaouzwa na Tanzania Distilleries, kampuni ileile ya Konyagi, ukafika kwenye maduka na baa za nchi nzima.

Jina baya la mvinyo wa Dodoma, lile la kuumiza kichwa, ni la enzi za zamani. Wapo wanaolirudia hadi leo ambao hawajaonja chupa ya Hombolo.

Mkulima anauza, nani ananunua?

Chupa moja ya mililita 750 hutumia zabibu kilo moja na robo hivi. Kwa hiyo mlo mmoja wa sikukuu wenye chupa tatu umebeba karibu kilo nne za zabibu, kreti ndogo aliyobeba mtu begani kutoka Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo au Chinangali.

Ugomvi wa zao hili umekaa hapo. Zabibu ikishaiva haingoji. Mkulima asiyepata mnunuzi ndani ya siku chache anauza kwa bei yoyote, au anaziangalia zikinyauka kwenye waya. Wanunuzi wakubwa ni wachache na bei hutoka kwao. Kila msimu wa mavuno vilio vya soko vinasikika: wakulima wanataka bei ya maana na wanunuzi wengi zaidi, na wanataka sehemu za kukamulia na kuhifadhi ili wauze mchuzi wa zabibu badala ya zabibu mbichi. Mchuzi uliowekwa kwenye tangi unampa muuzaji nafasi ya kupumua. Zabibu zilizo kwenye kreti hazimpi.

Viwanda navyo vina hoja. Chupa za kioo, vizibo, lebo na stempu ni gharama kubwa, wakati mwingine kuliko kilichomo ndani. Mchuzi wa zabibu unaoagizwa nje kwa wingi unaweza kuwashawishi kwa bei na kwa ladha isiyobadilika. Ndiyo maana sheria ikaweka kipimo cha asilimia 75, na ndiyo maana wakulima wanataka kipimo hicho kisimamiwe kiwandani, kwenye matangi, siyo kwenye makaratasi.

Kisha kuna wajasiriamali wa rafu ya chini. Wengi ni wanawake, wengi wamepata mafunzo ya usindikaji, wanakamua majumbani au kwenye vikundi. Hao ndio wanaochukua zabibu za mkulima mdogo zilizokataliwa na kiwanda kwa uchache wake. Mvinyo wao ni rahisi kuliko wote na mara nyingine ni mtamu ajabu. Udhaifu wao ni kutotabirika. Pipa la Septemba limetoka safi, la Machi limechachuka, na mnunuzi hana namna ya kujua kwa kutazama lebo.

Nasimama na rafu ya katikati na ya chini. Sina ugomvi na wakulima wa Robertson, wanafanya kazi nzuri. Lakini nyumba iliyo Kikuyu, inayoviona vijiji vya zabibu kutoka dirisha la basi, ikikaribisha wageni kwa chupa iliyosafiri kutoka Cape huku kreti zinaozea Mpunguzi, kuna kitu kimepotea njiani.

Heshima ya lebo

Wanaoipenda chupa ya nje wana sababu zao, na si haki kuzidharau. Kwanza, ladha yake haibadiliki. Chupa ya Januari na ya Julai ni sawa. Pili, mgeni anaijua. Kaka mkwe aliyetoka Dar es Salaam na treni ya SGR akiona lebo aliyoizoea anatulia, akiona asiyoijua anauliza. Mwenye nyumba hataki kuulizwa siku ya Krismasi.

Kuna dawa ya hilo. Onja kabla. Nunua chupa moja ya hapa wiki mbili kabla ya sikukuu, ifungue na mwenzako jioni ya kawaida, na chakula. Ukiipenda, rudi dukani ununue za siku yenyewe kutoka mzigo uleule. Namba ya toleo imechapwa kwenye lebo au shingoni mwa chupa. Gharama ya kuonja ni chupa moja, hasara ya kutoonja ni meza nzima.

Na wageni wa kutoka nje ya mkoa wanapoondoka, wengi huomba chupa ya kubeba. Wanaijua Dodoma kwa zabibu. Hapo unamwona mwenye nyumba aliyewapa ya Cape mezani akikimbia dukani kutafuta ya Hombolo ya zawadi.

Dukani: shika chupa, isome

Sasa turudi kwenye rafu, kwa sababu hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea.

Anza na kizibo. Kikiwa kimevimba, au chini yake pana alama ya kitu kilichovuja na kukauka, iache. Mvinyo huo bado unachacha ndani ya chupa: sukari ilibaki, hamira ikaamka kwa joto la Desemba, gesi ikajaa. Ukiufungua utafoka na kumwagika kwenye kitambaa cha meza, na ladha yake itakuwa ya pombe changa.

Inua chupa kwenye mwanga. Mvinyo mwekundu uwe na rangi inayopenya mwanga bila ukungu. Machicha kidogo chini ya chupa hayana ubaya, ni mabaki ya zabibu, yatatulia ukiisimamisha. Ukungu uliotanda chupa nzima ni dalili kwamba mvinyo haukutulizwa vya kutosha au umeharibika. Mweupe uwe na rangi ya majani makavu. Ukielekea kahawia, hewa imeshauingia.

Soma viambato. Mvinyo wa kweli unaanza na zabibu. Lebo inayoanza na maji, ikafuata sukari, spiriti, rangi na ladha ni kinywaji kingine kabisa, hata kama kimechorewa kishada cha zabibu. Hiki ndicho chanzo cha vichwa vinavyogonga asubuhi ya tarehe 26, na ndicho kinachoharibu jina la mkulima ambaye hata kilo moja hakuiuza humo.

Angalia asilimia ya kileo. Mvinyo wa kawaida wa mezani una asilimia 11 hadi 14. Baadhi ya mvinyo mtamu huongezewa kileo ukafika asilimia 16 na zaidi. Utamu unaficha ukali, na mjomba anayemimina kwenye glasi ya maji hajui anachokunywa. Huo utoe mwishoni, kwenye glasi ndogo.

Kisha stempu. Tangu 2019 mvinyo unaouzwa kihalali nchini unabeba stempu ya kielektroniki ya TRA, na programu ya Hakiki Stempu kwenye simu inakuonyesha kama ni halisi. Nusu dakika inatosha. Tafuta pia alama ya TBS. Kwa mjasiriamali wa mtaani unayemjua, nenda kwake, umuulize zabibu alikamua lini na wapi. Anayetengeneza vizuri atakuonyesha pipa.

Swali la lini lina maana yake. Mvinyo unaouzwa Krismasi na watengenezaji wadogo mara nyingi umetokana na mavuno ya Agosti na Septemba. Una miezi mitatu au minne tu. Mweupe na mwekundu mwepesi vinanyweka vizuri katika umri huo, vina harufu ya tunda. Mwekundu mzito mkavu unahitaji muda zaidi, na kwa huo ni heri kununua wa kiwandani uliokaa tangini, au wa mavuno ya Machi.

> Kizibo kilichovimba, iache. Lebo inayoanza na maji na sukari, iache.

Neno moja kuhusu mvinyo wa boksi. Lita tano ni sawa na chupa sita na theluthi mbili, na kwa sherehe kubwa bei yake kwa glasi huwa chini. Ukishafunguliwa hudumu wiki kadhaa kwa sababu hewa haiingii mfukoni, wakati chupa iliyofunguliwa ina siku tatu, nne, tena kwenye friji. Ila mengi ya maboksi hayo ni ya nje. Soma kabla ya kubeba.

Glasi ngapi?

Hesabu ya vinywaji ndiyo inayowapotosha wengi. Watu huhesabu wageni, wakati wa kuhesabiwa ni wanywaji wa mvinyo.

Chukua wageni kumi na wawili wa mama yule. Katika nyumba ya kawaida ya Kikuyu, ondoa watoto, ondoa wasiogusa kileo kwa imani, ondoa wanaopenda bia yao ya baridi na anayeendesha gari. Wanabaki watano. Kila mmoja glasi mbili za mililita 150 ni glasi kumi, yaani chupa mbili. Ongeza moja ya akiba. Chupa tatu za Dodoma zinaweza kuacha chenji ya kutosha kwenye shilingi 60,000 kwa ajili ya wale saba wengine, ambao kwa kawaida husahaulika na kutupiwa soda.

Mbuzi, pilau na samaki wa Mtera

Mvinyo mwekundu mkavu una ukakasi unaobana ulimi. Ukinywewa mtupu, asiyezoea anakunja uso. Ukinywewa na mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta yake, mafuta yanaulainisha ule ukakasi, na mvinyo nao unasafisha kinywa kwa tonge lijalo. Makutupora Nyekundu na nyama choma ni ndoa ya nyumbani, haihitaji mshenga.

Pilau yenye pilipili manga, mdalasini na kachumbari ya pilipili mbuzi inataka kitu kingine. Kileo kingi huongeza moto wa pilipili. Toa mwekundu mtamu kidogo, uliopozwa, au mweupe. Kwa perege wa Mtera, wa kukaanga au wa kupaka, Chenin Blanc ya baridi ndiyo chaguo. Uchachu wake hufanya kazi ya ndimu. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa na mlenda pembeni anaukubali mweupe pia, ingawa wazee wengi wa Kigogo watakuambia kwamba mlenda na ugali wa uwele vilishakuwa na kinywaji chake kabla mzabibu haujafika, na ni pombe ya mtama.

Kuhusu joto, kuna kanuni ya vitabuni inayotudanganya. Inasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, cha nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Kikuyu mchana wa Desemba inakaribia nyuzi 30. Kwa joto hilo mvinyo wowote, hata wa bei kubwa, unanuka kileo na kupoteza tunda. Uweke friji nusu saa kabla ya kuumimina. Mweupe uingie saa mbili au tatu kabla.

Umeme ukikatika, na sikukuu hukatika, jaza ndoo maji, barafu na konzi moja ya chumvi, kisha zamisha chupa hadi shingoni. Chumvi inayashusha maji yale chini ya nyuzi sifuri na chupa inapoa ndani ya dakika ishirini. Asiye na barafu ana mtungi wa udongo. Maji ya mtungini ni baridi kuliko hewa, na chupa ikikaa humo tangu asubuhi inatosha kwa mwekundu.

Na kizibuo! Kagua kama unacho kabla wageni hawajafika, maana baadhi ya chupa za viwandani zina kizibo cha gome.

Meza ya wasiokunywa

Kikuyu ni mahali pa kulizungumza hili kwa uzito. Chuo Kikuu cha St. John's, kilichoanzishwa 2007 na Kanisa Anglikana katika majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mazengo, kiko hapa. Waanglikana wa Dodoma wamelelewa na mapokeo ya wamisionari wa CMS, ambao walifundisha kujiepusha na kileo, na familia nyingi zinaliishi fundisho hilo hadi leo. Majirani Waislamu wanakuja kula Krismasi kama sisi tunavyokwenda kwao Idi. Kuna wajawazito, kuna walio kwenye dawa, kuna walioacha pombe kwa kupigana nayo miaka mingi.

Mwenye nyumba anayemkabidhi mtu huyo soda ya moto huku wenzake wakimiminiwa kwenye glasi za shingo ndefu amempa ujumbe asioukusudia. Mpe glasi ileile, na ndani yake kitu kilichoandaliwa.

Ubuyu upo. Mkoa huu ni nchi ya mibuyu na sokoni unauzwa bila shida. Nunua mweupe wa asili, usio na rangi wala sukari. Mimina maji ya uvuguvugu, acha ulowe, koroga kwa nguvu mpaka unga uachane na mbegu, chuja, weka sukari kidogo na iliki, uupoze. Uchachu wake unafaa na pilau kama ulivyo uchachu wa mvinyo mweupe, na umejaa vitamini C.

Rozela nayo hustahimili ukame wetu. Ua lake kavu likichemshwa na tangawizi na kipande cha mdalasini linatoa kinywaji chekundu kilichokolea, chenye ukakasi wake, ambacho kinakaa vizuri kabisa na mbuzi wa kuchoma. Usizidishe sukari, ukakasi ndio kazi yake. Ukwaju una nafasi yake pia, na togwa ya uwele kwa wazee na watoto.

Lakini malkia wa meza hii ni juisi ya zabibu, ya zabibu zilezile za mvinyo. Baadhi ya wasindikaji wadogo wanaiuza kwenye chupa. Soma viambato kwa ukali uleule, kwa sababu nyingi zinazoitwa juisi ni maji, sukari na rangi ya zambarau. Inapopatikana halisi, inawaunganisha wote: anayekunywa mvinyo na asiyekunywa wanakuwa wamegusa kishada kimoja, na mkulima amelipwa mara mbili.

> Mgeni asiyekunywa kileo apewe glasi ileile, na ndani yake kitu kilichoandaliwa.

Kwa familia ya watu kumi na wawili, jagi mbili za ubuyu, jagi mbili za rozela na chupa kadhaa za juisi ya zabibu zinamaliza kiu ya mchana mzima, na sehemu kubwa ya gharama yake ni sukari.

Baada ya sikukuu

Mvinyo uliobaki usimwagwe. Glasi moja ya mwekundu kwenye rosti ya nyama, ikiingizwa kabla ya nyanya na kuachwa ichemke mpaka harufu ya kileo iishe, inalainisha nyama na kuipa rangi. Mweupe uliochachuka kidogo unafaa kuloweka samaki au kuku.

Na kwa anayeanza kuifikiria Pasaka, kalenda inampendelea. Mavuno ya kwanza ya mwaka yanaingia Februari na kumalizika Machi, majuma machache kabla ya sikukuu hiyo. Huo ndio wakati zabibu zinajaa mabeseni kandokando ya barabara na mkulima anatamani mnunuzi wa pesa taslimu. Kilo kumi zikioshwa, zikapondwa kwa mkono, zikapashwa moto bila kutokota, zikachujwa kwa kitambaa na kujazwa kwenye chupa zilizochemshwa, zinatoa lita sita hivi za juisi. Ikikaa friji itumike ndani ya siku chache. Ikigandishwa itafika Pasaka salama. Anayetaka mvinyo mwekundu wenye umri wa kutosha kwa Krismasi ijayo, azungumze na mtengenezaji wake mwezi huohuo wa Machi, amlipe sehemu, na amwachie miezi tisa.